Leonard Howell, bangi na ibada

Kila tunapojadili maneno ya mkopo darasani, wanafunzi wangu huniuliza: mbona sisi twasema bangi na Wajamaika wasema ganja? Jibu la kiisimu ni fupi. Maneno yote mawili yametoka Bara Hindi. Letu lilivuka bahari pamoja na biashara. Lao lilibebwa na vibarua wa Kihindi walioanza kupelekwa Jamaika mwaka 1845, baada ya utumwa kukomeshwa, wakafanye kazi katika mashamba ya miwa. Swali linalofuata ndilo gumu: je, ni kweli Warastafari huuvuta mmea huo ili wasali? Kulijibu, yafaa tumtazame mtu ambaye vijana wetu hawamjui, ingawa picha za Bob Marley wamezibandika kwenye kila daftari.

Leonard Percival Howell alizaliwa mwaka 1898 huko Clarendon, Jamaika, katika familia ya Kianglikana. Alifanya kazi melini, akaishi New York miaka mingi, enzi za vuguvugu la Marcus Garvey. Aliporejea kwao mwaka 1932, Haile Selassie alikuwa amekwisha kutawazwa Ethiopia. Howell akahubiri kwamba mfalme huyo ndiye Masihi, na kwamba mtu mweusi hakuwa na deni la utiifu kwa Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1934 alishtakiwa kwa uchochezi mjini Morant Bay, akafungwa miaka miwili. Baadaye alitiwa hata katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kilichomfunga mara hiyo ya kwanza kilikuwa maneno, wala si moshi.

Kijitabu chake alikitoa kwa jina la Gangunguru Maragh. Msomaji mwenye sikio atasikia humo guru na maharaja. Nami naliona jina hilo kuwa ushahidi kwamba Howell alijifunza mengi kwa majirani zake Wahindi, ambao baadhi ya watawa wao walikuwa wakivuta bangi katika ibada ya Shiva tangu zamani.

Mwaka 1940 aliwakusanya wafuasi wake kwenye kilima kiitwacho Pinnacle, karibu na Sligoville. Mamia ya watu waliishi huko kwa jasho lao: walilima chakula, wakachoma makaa, wakapiga ngoma na kusali. Bangi waliilima pia. Kwa Warastafari, kiko kilichopitishwa mkono kwa mkono kilitanguliwa na sala, kikafuatiwa na mazungumzo marefu juu ya Maandiko. Waliamini kwamba mmea huo, kama mimea yote inayotajwa katika Mwanzo na Zaburi, ni tunu ya Mungu ya kutuliza nafsi ili imsikie Muumba. Lakini bangi ya Pinnacle iliuzwa vilevile, tena kwa wingi. Wanaomtukuza Howell hupenda kulisahau soko hilo, na wanaomlaani huisahau sala. Mimi naona vyote viwili vilikuwapo, na kwamba serikali ilichukizwa zaidi na jambo la tatu: watu weusi waliojitegemea bila kumwomba mkoloni ruhusa. Polisi walivamia mwaka 1941, Howell akafungwa tena. Mwaka 1954 wakaivunja Pinnacle, wakazi wakatawanyika hadi vitongoji vya Kingston.

Mwalimu wa Kenya hana budi kuyajua haya. Sheria yetu ya mwaka 1994 yaharamisha bangi. Hata hivyo, mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rastafari ni dini, ilipompa haki mwanafunzi aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake. Na mwaka 2021 Warastafari wakaiomba mahakama iwaruhusu kuitumia bangi katika ibada. Mwanafunzi anayevuta nyuma ya bweni akidai anatafakari hana ngoma, hana wazee, hana Maandiko. Na madaktari wametuonya vya kutosha kuhusu bangi na ubongo ambao haujakomaa. Kumwadhibu ni halali. Kuitukana dini ya mwenzake aliyekaa darasani ni jambo jingine kabisa.

Howell alifariki mwaka 1981, mwaka uleule aliofariki Marley. Mwaka 2015 Jamaika ilibadilisha sheria, Warastafari wakaruhusiwa kuitumia bangi kwa ibada, na mwaka 2022 nchi hiyo ikamtunuku Howell nishani ya taifa.