ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI: TABIBU ALIYEPIMA KABLA YA KUKATA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mmekwishasikia jina la Ibn Sina. Leo tumtazame tabibu mwingine wa Kiislamu, ambaye kazi yake inamgusa kila aliyewahi kung'olewa jino au kuungwa mfupa.

Kuzaliwa kwake

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Nasaba yake inarudi kwa Ansari, watu wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.). Wanahistoria hukadiria kuwa alizaliwa mwaka 936 M katika mji wa Az-Zahra, karibu na Qurtuba, nchi ya Andalus, ambayo leo ni Hispania. Mwaka huo ndipo Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alipoanza kuujenga mji huo. Qurtuba ya wakati ule ilikuwa na misikiti, maktaba na wanachuoni wengi.

Habari za utoto wake hazikuandikwa sana. Tunachokijua zaidi kimo katika kitabu chake.

Kitabu chake

Baada ya kutibu watu kwa miaka inayokaribia 50, alikamilisha At-Tasrif yapata mwaka 1000 M. Kina sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna michoro ya vyombo karibu 200: visu, koleo, sindano, misumeno na vyuma vya kuchomea. Alichora kila chombo ili mwanafunzi aliye mbali aweze kumpelekea mhunzi akamtengenezea. Katika kitabu hicho aliwaita wanafunzi wake wanawe.

Meno na mataya

Kuhusu meno alitoa onyo ambalo hata leo lina maana. Mgonjwa akija analia na jino, tabibu asikimbilie koleo. Maumivu humdanganya mtu, akaonyesha jino zima, likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale. Kwanza hakikisha jino bovu ni lipi.

Alichora vyuma vya kukwangua ukoko wa meno. Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, akiupendelea kuliko wa fedha kwa sababu fedha huharibika kinywani. Aliyepoteza jino aliweza kuchongewa jingine kwa mfupa wa ng'ombe.

Mtu aliyevunjika taya, alimrudishia mfupa mahali pake kwa vidole, akayafunga meno ya pande mbili za ufa kwa uzi, kisha akamwamuru atulie na ale vyakula laini. Matabibu wa kale walijua kipimo chepesi cha kazi hii: meno ya juu na ya chini yakikutana sawasawa, mfupa umekaa. Yasipokutana, kazi haijaisha.

Kipimo hicho leo

Elimu hii haikuishia Qurtuba. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, na matabibu wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi. Mwaka 1901 Mfaransa René Le Fort alieleza mistari mitatu ambayo mifupa ya uso hupasukia. Leo daktari anapomtengeneza mtu ambaye taya lake la juu halikukaa sawa, hulikata karibu na mstari wa chini, akalisogeza, akalifunga kwa vibati vidogo vya chuma na skrubu.

Hapo ndipo penye mtihani. Taya likishakatwa linacheza mkononi, basi daktari atajuaje liko wapi? Huweka kati ya mataya kibao cha plastiki kilichochongwa kwa kufuata meno ya mgonjwa. Kibao humwonyesha kama taya limekwenda mbele, nyuma au upande. Lakini urefu wa juu na chini hakiwezi kuuonyesha, kwa sababu taya la chini linafunguka na kufunga, nalo hulifuata lile la juu. Kwa hiyo madaktari wengi hukaza pini ndogo juu ya pua, kati ya macho, mahali pasiposogea. Hupima kutoka hapo hadi kwenye meno ya mbele kabla ya kukata, na hupima tena baada ya kusogeza. Alama zilizochorwa kwenye mfupa karibu na mkato hazitoshi kutegemewa peke yake. Siku hizi wengine hupanga kazi yote kwenye kompyuta kwanza. Milimita chache zikikosewa, ufizi huonekana mno mtu akicheka, au meno hayakutani.

Fundi wa mitumbwi pale Kibirizi analijua jambo hili. Ubao uliokatwa pungufu haurefuki tena. Na uso wa mtu si ubao.

Uaminifu wake

Az-Zahrawi aliandika kwa uchungu juu ya wajinga wa zama zake. Alisimulia tabibu aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke bila kujua mishipa ilipopita, akaikata, na mama yule akafa kwa kutokwa damu. Kwa hiyo aliwasisitizia wanafunzi wajifunze kwanza maumbile ya mwili, na wasipokee kazi ya hatari kwa tamaa ya mali. Hili linaafikiana na mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, dhamana ya madhara ni juu yake.

Kufariki kwake

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya fitna. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1009, na mji wa Az-Zahra ukaporwa na kubomolewa. Yeye alifariki yapata mwaka 1013 M. Majumba ya Khalifa yakabaki magofu, lakini kitabu kikabaki kinasomwa.

Mafunzo tunayoyapata

1. Hakikisha kabla ya kutenda. Anayesoma tajwidi hupima madda. Daktari hupima milimita. Yote ni amana.
2. Usidharau hesabu na sayansi shuleni. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kinafundisha udaktari wa meno, na mtoto wa Ujiji anaweza kufika huko.
3. Kusema sijui ni bora kuliko kumdhuru mja wa Allah.
4. Elimu iandikwe. Mwalimu hufa, wino hubaki.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu Az-Zahrawi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.