Jack London: Aliyeikataa ajira ya Posta ili aandike

MWAKA 1898 Jack London alirejea California kutoka machimbo ya dhahabu ya Klondike, nchini Kanada, akiwa mikono mitupu na mwili umedhoofishwa na kiseyeye. Alikuwa na umri wa miaka 22. Baba yake mlezi alikuwa amekwisha kufariki dunia, na mama alimtegemea yeye.

Kijana huyo mzaliwa wa San Francisco, aliyeonja taabu za vibarua vya viwandani tangu utotoni, aliazimia kuishi kwa kalamu. Alituma miswada kwa wahariri, nayo ikarudi. Akatuma tena, ikarudi. Hata baiskeli yake aliiweka rehani.

Jarida la Overland Monthly, lililochapisha hadithi yake Januari 1899, lilimthamini kwa dola 5 tu. Kilichomwokoa ni dola 40 kutoka jarida jingine, The Black Cat.

Katika dhiki hiyo Posta ikamwita kazini, kwani alikuwa amefaulu mtihani wake. Ulikuwa mshahara wa uhakika kila mwezi, na nyumbani deni la pango lilisubiri. Akakataa! Badala yake akajiwekea sharti la kuandika maneno 1,000 kwa siku.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1900. The Call of the Wild, cha mwaka 1903, kilimpa umaarufu duniani, ingawa haki za kitabu hicho alikwisha kumuuzia mchapishaji kwa dola 2,000, bila mrabaha.

Alifariki dunia Novemba 22, 1916, akiwa na miaka 40, na vitabu zaidi ya 40.