Daktari Aliyetibu Macho kwa Mwanga wa Jua

Nawasikia wenzetu wenye sukari wakiogopa kupigwa leza jichoni. Mie huwasimulia habari za Gerd Meyer-Schwickerath, daktari wa Ujerumani aliyezaliwa 1920.

Mwaka 1945 jua lilipatwa, mwanafunzi akalikodolea macho, likamchoma nyuma ya jicho. Daktari alipoliona kovu lile akawaza: mwanga unaochoma waweza pia kutibu. Mwaka 1949 akaanza kutibu wagonjwa kwa mwanga. Alitumia hata jua lenyewe, baadaye taa ya zenoni. Leza zilifuata baada ya 1960. Yeye alifariki 1992.

Leza huizuia mishipa mibaya isiote wala kuvuja damu, lakini nuru iliyokwisha kupotea kwa kawaida hairudi. Jamani, tuwahini kupimwa macho.