Arnie Lawrence: Mpiga saksafoni aliyeiacha New York akafundisha Jerusalem

Na Mwandishi Wetu

UNAPOTAJWA muziki wa jazi wa Israel, majina yanayokumbukwa haraka ni ya wapigaji waliotoka nchini humo na kwenda kuvuma New York tangu miaka ya 1990. Ni wachache wanaomkumbuka Arnie Lawrence, Mmarekani aliyefanya safari ya kinyume. Akiwa anakaribia umri wa miaka 60, umri ambao wengi hufikiria kupumzika, yeye alihamia Jerusalem kuanza upya.

Lawrence alizaliwa Julai 10, 1938, katika familia ya Kiyahudi huko Brooklyn, New York, na kupewa jina la Arnold Lawrence Finkelstein. Chombo kilichomjengea jina ni saksafoni ya alto. Mwaka 1966 alishiriki kurekodi albamu ya The Dealer ya mpiga ngoma Chico Hamilton, ambayo pia ilimtambulisha kijana mpiga gitaa, Larry Coryell. Baada ya hapo alijiunga na bendi ya kipindi maarufu cha televisheni cha Tonight Show, kilichoongozwa na Johnny Carson. Katikati ya miaka ya 1970 alipiga pia na kundi la Blood, Sweat & Tears.

Hata hivyo, kazi hizo hazikumtosheleza. Albamu yake ya mwaka 1970, Inside an Hour Glass, ilielekea kwenye jazi huru, muziki ambao mpigaji hafungwi na mpangilio ulioandikwa mapema, bali hubuni palepale huku akiwasikiliza wenzake. Katika muziki wa namna hiyo, asiyejua kusikiliza hana la kupiga.

Imani hiyo aliipeleka darasani. Mwaka 1986 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa programu ya jazi katika chuo cha New School, New York. Badala ya kutegemea vitabu peke yake, wanafunzi walifundishwa na wanamuziki waliokuwa bado jukwaani, wakapiga nao bega kwa bega. Humo walipita Roy Hargrove, Brad Mehldau na Peter Bernstein. Walipita pia vijana kutoka Israel, wakiwamo wapiga besi Avishai Cohen na Omer Avital, ambao baadaye walichanganya jazi na midundo ya Mashariki ya Kati.

Mwaka 1997 Lawrence aliamua kuwafuata wanafunzi huko huko kwao. Mjini Jerusalem alianzisha Kituo cha Kimataifa cha Muziki wa Ubunifu, kilichowapokea vijana wa Kiyahudi na wa Kiarabu, wakajifunza pamoja.

Mtihani haukuchelewa. Septemba 2000 ilizuka Intifada ya pili. Mabasi yalilipuliwa Jerusalem, majeshi ya Israel yakaingia katika miji ya Ukingo wa Magharibi, na maelfu ya watu, wengi wao Wapalestina, wakapoteza maisha. Katika siku kama hizo, kumwambia kijana aketi karibu na mwenzake wa upande wa pili, amsikilize kwanza ndipo ajibu, halikuwa somo la muziki pekee. Lilikuwa jambo zito kwa kijana mwenyewe na kwa wazazi wake.

Muziki haukusimamisha vita hiyo, na ingekuwa kumkosea marehemu kudai hivyo. Alichoweza kukifanya ni kidogo, lakini kilikuwa halisi: kuonyesha kwamba chumba kimoja kingeweza kuwakutanisha wale ambao mitaa ya nje iliwatenganisha.

Lawrence alifariki dunia mjini Jerusalem Aprili 22, 2005, akiwa na umri wa miaka 66, kwa maradhi ya saratani. Albamu zake hazimo katika orodha za zile zinazotafutwa zaidi. Urithi wake umo zaidi katika vidole na masikio ya wale aliowafundisha, wengi wao wakiwa maarufu kuliko mwalimu wao.