Kabla ya simba, Joy Adamson alichora miti

Juzi nilikuwa nimekaa chini ya mti mmoja mkubwa ndani ya Makavazi ya Kitale, kwenye ile njia ya kutembea msituni, nikijificha jua. Kijana mdogo akaniuliza unaitwaje. Nikakwama. Blugamu naijua. Grevilia naijua. Jakaranda pia. Lakini ukichunguza, hizo zote ni za kuletwa: mbili kutoka Australia, moja kutoka Amerika Kusini. Huu wa kwetu, sina jina.

Nikamkumbuka mtu ambaye hangenyamaza vile. Joy Adamson. Najua ukisikia hilo jina unawaza simba. Leo tumweke Elsa kando kidogo. Kabla ya simba, huyu mama alijulikana kwa kukaa chini mbele ya mmea na kuuchora hadi ukikutana nao njiani unautambua.

Jina alilopewa na wazazi ni Friederike Victoria Gessner. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 huko Troppau, mji uliokuwa ndani ya milki ya Austria na ambao leo unaitwa Opava, Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake wakaachana, akalelewa na nyanya yake.

Ujana wake ndio unanigusa. Alijaribu kila kitu. Piano. Ushonaji. Uchongaji. Akasoma ajiandae kuingia udaktari, kisha mtihani wenyewe hakuufanya. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua watu wanavyokuangalia ukiwa umeanza mambo mengi na huna cheti hata kimoja cha kuonyesha.

Mwaka wa 1937, akiwa na miaka 27, akapanda meli kuja Kenya. Njiani akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswizi. Ndoa yake ya kwanza ikavunjika, na mwaka wa 1938 akaolewa na Bally. Ni yeye aliyeanza kumwita Joy. Bally akienda porini kukusanya mimea, Joy alienda naye, na huko ndiko brashi ilimpata. Hakuwa ametafuta kazi hiyo.

Sasa tofautisha hapa. Angalia picha nyingi za mandhari ya Kenya, za kale na hata zinazouzwa leo kando ya barabara. Mlima kwa mbali, mgunga mmoja, jua linazama. Mti hapo ni pambo tu. Ukiuliza ni mgunga wa aina gani, mchoraji mwenyewe hajui. Kuchora mmea kwa ajili ya wataalamu ni shughuli nyingine. Lazima uonyeshe jani limekaaje kwenye kitawi, mishipa yake imepita wapi, ua lina petali ngapi, tunda likoje. Na ua likishakatwa linaanza kunyauka, kwa hivyo unashindana na saa. Huwezi kubahatisha. Usipoangalia vizuri, umedanganya.

Joy aliangalia. Alichora mamia ya mimea, na alipanda hadi nyanda za juu za Mlima Kenya kutafuta maua ya huko. Mwaka wa 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani, Uingereza, kikampa nishani ya dhahabu. Mwaka wa 1961 kilipotoka kile kitabu kinene cha Dale na Greenway kuhusu miti na vichaka vya Kenya, picha zake zilikuwemo.

Baadaye serikali ya mkoloni ikamlipa achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya kitamaduni, kwa sababu yalikuwa yanapotea. Fikiria hapo kidogo. Utawala uleule uliokuwa ukibadilisha maisha ya watu ndio ulilipa mtu ayahifadhi kwenye karatasi. Hilo halifuti kazi yake, lakini tusijifanye hatulioni.

Mengine unayajua. Aliolewa na George Adamson mwaka wa 1944, wakamlea Elsa, kitabu kikatoka mwaka wa 1960, dunia nzima ikalia. Tarehe 3 Januari 1980 alipatikana ameuawa huko Shaba. Mwanzo ilidhaniwa ni simba. Kumbe ni binadamu, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa. Wala Joy hakuwa malaika. Wengi waliomjua walisema alikuwa mkali na mgumu kuishi naye.

Lakini turudi kwa mti wangu wa Kitale. Huku kwetu kila mtu analia kwamba msitu wa Mlima Elgon unaisha, na ni kweli inauma. Ila huwezi kulilia vizuri kitu usichokijua. Ukiambiwa tu msitu umekatwa, unasikia kama habari ya mbali. Ukiambiwa ule murembe pale kwa mto umekatwa, unashtuka, maana huo una sura: maua mekundu yanayotoka wakati majani yameanguka. Waluhya waliapa mbele ya murembe, na mwongo aliogopa kuukaribia. Nyanya yangu kule Bungoma anaujua toka mbali. Mimi nilionyeshwa nikiwa mtu mzima.

Mtoto wa Austria alijifunza sura za mimea yetu kwa kukaa chini na kuangalia. Sisi tumezaliwa katikati yake, na kila mmoja ana kamera mfukoni.

Kwa hivyo wikendi hii, fanya hivi. Chagua mti mmoja wa kiasili karibu na kwenu. Mmoja tu. Chora jani lake, hata kama mchoro utakuwa mbaya, maana mkono ukichora jicho linalazimika kuangalia. Kisha mpelekee mzee yeyote umuulize jina lake.

Mimi nilimtumia nyanya picha ya ule wa makavazi. Bado nasubiri anipigie.