Dizeli Lilikuwa Jina la Mtu

Kila siku tunalisikia neno dizeli. Lori linakunywa dizeli, trekta halikadhalika. Je, wajua kwamba hilo ni jina la mtu? Tena injini yake iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga!

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Vita vya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka 1870, familia ilikimbilia London, maisha yakawa magumu. Kijana akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kwa jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Alisoma kwa bidii hadi akafuzu uhandisi mjini Munich.

Injini za mvuke za siku zile zilikuwa lafi. Joto jingi la makaa lilipotea bure. Diesel akawaza injini inayoshindilia hewa mpaka iwe moto sana, kisha mafuta yakinyunyizwa ndani yanawaka yenyewe, bila plagi. Haikuwa kazi rahisi. Katika jaribio moja mashine ililipuka, nusura imuue. Hakukata tamaa, na mwaka 1897 akafaulu.

Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina hiyo ilitiwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka hivyo, maana karanga zilikuwa tele katika makoloni yake ya Afrika. Ikanguruma sawasawa, hata watazamaji wengi wasitambue! Mwaka 1912 Diesel alitabiri kwamba mafuta ya mimea yatakuja kuwa na thamani kama ya petroli.

Hakuiona siku hiyo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akiwa melini kuelekea Uingereza, alitoweka. Maiti yake ilionekana baharini siku kadhaa baadaye. Aliacha madeni mengi.

Mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi, basi karanga zikasahaulika. Leo mafuta ya mimea huchanganywa na alkoholi ili yawe mepesi, nayo huitwa biodizeli. Lakini shamba likilisha magari, watu watakula nini? Hilo ni swali letu sisi.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Diesel alivumilia, ila mbivu tumezila sisi.