John Curwen, Mchungaji wa Do-Mi-So

Kabla ya wimbo, mwalimu wetu hutupa sauti: besi do, teno so, alto mi, soprano do ya juu. Makundi ni manne lakini noti ni tatu tu. Mbona tuanze na hizo, tusianze na re au fa? Jibu limo katika maisha ya mchungaji mmoja Mwingereza ambaye kuimba kulimpa taabu sana.

John Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 huko Heckmondwike, Yorkshire. Baba yake pia alikuwa mchungaji. Alipoingia katika utumishi alipenda kufundisha watoto, ila kwa muziki alikuwa mzito, na noti za mistari mitano zilimshinda. Ndipo akapata kitabu cha Sarah Glover, mwalimu wa Norwich aliyewafundisha watoto kuimba kwa herufi za solfa. Alijijaribu mwenyewe kwanza, na kwa muda mfupi akaanza kusoma nyimbo. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule ya Jumapili mjini Hull ulimpa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Kazi hiyo hakuiacha tena.

Kuna jambo moja halipendezi kulisimulia. Curwen alibadilisha mfumo wa Glover bila kumwomba ruhusa kwanza, na mama huyo hakufurahi. Hata hivyo Curwen aliendelea kumtaja kuwa ndiye mwanzilishi. Sisi wanakwaya tunamsahau mama huyo mno.

Katika mafunzo yake, hatua ya kwanza ilikuwa do, mi na so, basi. Re na ti zilingoja hatua ya pili, fa na la zikaja katika ya tatu. Alitaka mwanafunzi ahisi tabia ya kila noti kabla ya kuiandika: do ni imara, mi ni tulivu, so inang'aa. Zikiimbwa pamoja, hizo tatu ndizo kordi meja, na sikio hutulia kama mtu aliyefika nyumbani.

Ukitaka kuona zilivyopangwa, nenda kwenye kinanda. Shika do, kisha panda ukihesabu kila kibonyezo, cheupe na cheusi: cha nne ni mi, na kutoka hapo cha tatu ni so. Sasa shusha mi kibonyezo kimoja tu, ukiacha do na so mahali pake. Furaha yote imeondoka! Hiyo ni kordi maina. Kumbe tofauti yote imo katika ile noti ya katikati, na ndiyo sababu mwalimu hugombana na alto. Wao wakilegea, besi na soprano hata wakiwa sawasawa, wimbo wa shangwe huanza kusikika kama wa matanga.

Kwa Curwen do haikufungwa mahali pamoja. Wimbo ukianzia juu au chini, umbali kati ya do, mi na so ni uleule. Kwa hiyo kibarua au mtoto asiye na kinanda nyumbani aliweza kujifunza kwa sauti yake tu, akifuata kidole cha mwalimu kwenye chati iliyotundikwa ukutani. Wasomi wengi wa muziki waliidharau njia hiyo. Lakini mwaka 1857 maelfu ya watoto waliofundishwa hivyo waliimba katika jumba la Crystal Palace, London.

Mwaka 1864 aliacha uchungaji ili aitumikie solfa peke yake, na 1869 akaanzisha chuo chake. Alifariki tarehe 26 Mei 1880. Kufikia wakati huo wamisionari walikuwa wamekwisha kuipeleka solfa Madagaska na Afrika Kusini, na baadaye ilitufikia nasi. Nyimbo za leo katika kijitabu hiki zimechapwa kwa herufi hizohizo. Alto, tazameni mi zenu.